Zimwi Kutoka Mlango wa Friji

Kisiwa cha Mafia hakina uhaba wa mashetani. Wapo wa nchi kavu, wenye mibuyu na vichaka vyao, na wapo majini wa baharini. Kila kundi lina ngoma yake, ubani wake na mganga wake. Pat Caplan, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefika kaskazini mwa kisiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965 na kurudi tena na tena kwa miongo kadhaa, ameandika habari zao kwa kirefu. Katika ngoma hizo hakuna kinyago. Shetani wa pwani havai sura ya bandia: anapanda kichwani mwa mtu, na mtu huyo huyo unayemjua, shangazi yako au jirani yako wa Miburani, anaanza kusema kwa sauti isiyo yake huku uso ukiwa ni ule ule.

Kwa aliyekaa uwanjani usiku huo, hapo tayari jasho limeshamtoka. Kamera hairidhiki. Kijana wa Miburani mwenye simu nzuri, akiwa na wenzake wanaotaka kupiga filamu ya kutisha, atagundua mapema kwamba mama aliyepandisha, akitazamwa kwenye kioo cha simu, ni mama aliyekasirika tu. Filamu inadai sura.

Waongozaji wa Dar es Salaam waliliona hilo zamani. Mussa Banzi aliuchukua mzuka wa imani za Wanyakyusa akatoa Nsyuka, kisha akamgeukia jini wa baharini akatoa Shumileta, zote katika muongo wa kwanza wa karne hii, enzi za kanda na diski. Upande wa hadithi hatujawahi kupungukiwa. Bibi zetu walimaliza kazi hiyo. Upande wa sura ndio umekuwa ukituangusha. Wengi wametegemea poda nyeupe, wanja mzito, meno ya bandia na vinyago vya mpira vya dukani ambavyo hukunjamana shingoni kila mwigizaji anapogeuka.

Na mtazamaji alikuwa ameshazoea vingine. Kwenye vibanda vya video alikaa kwenye benchi akisikiliza filamu za nje zikisimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, jina la kazi la Derek Gaspar Mukandala, aliyewapa waigizaji wa Marekani na Hong Kong maneno ambayo wenyewe hawakuyasema kamwe. Mtoto aliyelipa kiingilio hakujua mchezo wa hoki ya barafu ni nini. Lakini yule mtu mrefu mwenye uso mweupe uliojaa matundu alimjua vizuri, tena ameshika panga, silaha ambayo nyumba yoyote ya wakulima wa minazi Mafia inayo nyuma ya mlango. Sijui kama kuna zimwi jingine la Hollywood lililokuja kwetu na kifaa cha shambani.

Uso ule, wa Jason, haukuwapo tangu mwanzo. Katika filamu ya kwanza ya Friday the 13th, mwaka 1980, Jason siye muuaji. Anayeua ni mama yake. Katika ya pili, mwaka 1981, Jason amejifunika kitambaa cha gunia kichwani. Ya tatu iliongozwa na Steve Miner na kutoka Agosti 1982. Wakati wa matayarisho yake walihitaji kitu cha kumfunika mwigizaji usoni, na msimamizi wa picha za 3D, Martin Jay Sadoff, alikuwa shabiki wa hoki na alikuwa na vifaa vyake karibu. Akatoa kinyago cha golikipa wa Detroit Red Wings. Kilipendeza, ila kilikuwa kidogo kwa uso wa Richard Brooker, Mwingereza mrefu aliyewahi kufanya kazi ya bembea za sarakasi. Hapo ndipo fundi Doug White alipoingia. Alitengeneza kalibu kubwa zaidi kwa kufuata kile cha asili, akavutia juu yake shiti ya plastiki iliyolainishwa kwa moto. Matundu yakapangwa upya, pembetatu nyekundu zikapakwa, na kazi ikaisha.

Njia ile haikuchaguliwa kwa usanii wake. Ilichaguliwa kwa sababu ni rahisi na ya haraka, na kwa sababu kinyago kikivunjika leo unavuta kingine kesho kutoka kalibu ile ile. Kabla ya hapo viwanda vya Marekani kama Ben Cooper vilikuwa vimeshatoa vinyago vya watoto kwa njia hiyo hiyo kwa miaka mingi, vyembamba, vya bei ya chini kabisa, vyenye uzi wa raba nyuma. Kinyago cha golikipa chenyewe kina historia ya heshima zaidi. Tarehe 1 Novemba 1959, jijini New York, Jacques Plante wa Montreal Canadiens alipigwa usoni na kile kisahani cha mpira mgumu, akaenda kushonwa, akarudi uwanjani akiwa amevaa kinyago cha faibaglasi. Kilikuwa cha kulinda uso. Miaka 23 baadaye kikawa cha kuuogopesha ulimwengu.

Ndugu yake wa karibu ni kinyago cha muuaji Michael Myers katika filamu ya Halloween ya 1978. Hicho ni cha mpira, hakikuvutwa, lakini nakitaja kwa sababu ya jinsi kilivyopatikana. Tommy Lee Wallace, mmoja wa waliotengeneza filamu hiyo, alinunua dukani, kwa bei isiyofika dola 2, kinyago cha Kapteni Kirk wa Star Trek, yaani sura ya mwigizaji William Shatner. Akapanua macho, akang'oa nywele za mashavuni, akapuliza rangi nyeupe. Basi. Hakuongeza pembe wala damu. Alichofanya ni kufuta.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi wa filamu zetu, wanaodhani sura ikiwa na mikunjo na meno mengi ndivyo itakavyotisha. Jason na Myers wanatisha kwa sababu huwezi kuwasoma. Tangu utotoni tumezoea kumtazama mtu usoni tujue amekasirika, amechoka au anatania. Ukimnyima mtazamaji taarifa hiyo anaanza kuijaza mwenyewe, na atakayoijaza itakuwa mbaya kuliko yoyote uliyoweza kuichora. Plastiki ya kuvutwa inafanya ufutaji huo bila kuombwa. Shiti inalala juu ya kalibu, na upande wa nje, unaoonekana, unapoteza makali kwa kiasi cha unene wake. Kona ya jicho inakuwa duara, mkunjo wa mdomo unakuwa bonde. Wenye viwanda huita hiyo kasoro. Kwa zimwi ni sifa.

Sasa tuingie karakana.

Ingawa watu husema plastiki inavutwa, ukweli ni kwamba inasukumwa. Hewa iliyo juu yetu inakandamiza kila sentimita mraba ya kitu kwa uzito wa takribani kilo 1. Hatuisikii kwa sababu inatusukuma pande zote sawasawa. Chukua shiti ya sentimita 30 kwa 40, ambayo ni sentimita mraba 1,200, ilaze juu ya kalibu, kisha ondoa hewa yote iliyo chini yake: shiti itabebeshwa mzigo wa zaidi ya tani moja, uliosambaa sawia kila mahali. Kifyonza vumbi cha nyumbani kinaondoa kama sehemu ya tano ya hewa hiyo, kwa hiyo kinakupa kilo mia mbili na ushee. Zinatosha kwa sura butu kama ya Jason. Ukitaka vitundu vya pua na mikunjo ya paji vitokee, tafuta ombwe kali zaidi.

Kata ya Miburani haina kiwanda cha plastiki, na shiti mpya itabidi ivuke kutoka bara kwa kivuko cha Nyamisati. Lakini Mafia ni kisiwa cha wavuvi, na penye wavuvi pana mafriza na mafriji, na penye hayo pana yaliyokufa. Nenda kwa fundi friji. Ukimwambia, "Fundi, naomba mlango wa lile bovu, na mashine yake kama haijaungua," atakutazama kidogo, kisha atakutajia bei ya skrepa. Mpe. Umenunua karakana nzima.

Ule ukuta mweupe wa ndani ya friji, wenye vishikio vya mayai na chupa, mara nyingi ni polistirini iliyoongezwa ugumu au ABS. Zote mbili ni plastiki zinazolainika zikipashwa moto na kushika umbo zikipoa. Isitoshe, ukuta huo wenyewe ulitengenezwa kwa kuvutwa juu ya kalibu kubwa kiwandani. Na plastiki iliyovutwa haisahau. Ukiipasha tena bila kuibana sana, vishikio vya mayai vinaanza kuzama vyenyewe, chupa zinakosa pa kukaa, na ukuta unarudi karibu na ubapa wake wa awali. Ni jambo la kuliona kwa macho: dakika moja una mlango wa friji, dakika inayofuata una shiti. Kabla ya hapo kwangua sponji yote ya manjano nyuma yake, maana ikiungua moshi wake ni sumu. Ndoo na madumu hayafai kwa kazi hii. Plastiki yake hubaki ngumu, halafu ghafla inakuwa uji, na ikipoa inasinyaa mno. Mabomba ya PVC usiyaguse kabisa: yakizidiwa moto hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu.

Mashine ya friji, ile kompresa nyeusi ya chini, inavuta gesi upande mmoja na kuisukuma upande mwingine. Gesi yake iondolewe na fundi mwenye vifaa, kwa sababu baadhi ya mafriji mapya hutumia gesi inayowaka. Baada ya hapo bomba lake la kuvutia linageuka pampu ya ombwe nzuri tu, ila ya polepole, na plastiki iliyolainika haina subira. Dawa yake ni tangi la chuma la kuhifadhia ombwe, mfano lile la kompresa iliyostaafu ya fundi wa pancha. Litoe hewa taratibu wakati unapika shiti. Kama tangi ni la lita 50, na chini ya shiti kuna lita 10 za hewa, ukifungua koki hewa hiyo inatawanyika kwa ghafla katika lita 60, na chini ya shiti inabaki sehemu moja tu ya sita. Hiyo ni kama tani moja ya msukumo, bila kifyonza vumbi. Mtungi wa gesi ya kupikia usiugeuze tangi. Mabaki ya ndani yakikutana na cheche za kulehemu, filamu itakuwa imeisha kabla ya kuanza.

Kalibu ifinyange kwanza kwa udongo, kisha nakili umbo kwa jasi, ile jipsamu ya unga ya mafundi dari. Iache ikauke kweli kweli, si juu tu. Jasi yenye unyevu hutoa mvuke ikiguswa na plastiki ya moto, na mvuke huo huacha malengelenge. Pembe za kando ziinamie nje kidogo, nyuzi 3 hadi 5, ili kinyago kichomoke. Popote panapoingia ndani kisha kutoka tena, kama chini ya pua iliyonyanyuka au nyuma ya sikio, plastiki itapakumbatia na kalibu haitatoka mpaka uivunje. Halafu toboa vitundu vyembamba, visizidi milimita 1, mahali palipo chini zaidi: kwenye mboni, puani, kwenye kona za mdomo. Hewa ikikosa mlango hapo, plastiki itasimama angani na jicho halitatokea.

Shiti inabanwa kwenye fremu ya mbao au chuma kingo zote nne, kisha inashikwa juu ya jiko la mkaa lisilo na ndimi za moto. Fanyia nje, upepo ukupitie mgongoni, kwa sababu polistirini inayopashwa ina harufu isiyofaa kuvutwa ndani. Mwanzoni inajikunja na kufanya mawimbi, na asiyejua hudhani imeharibika. Subiri. Mawimbi yanatoweka, shiti inakazika kama ngoma iliyowambwa, kisha katikati inaanza kushuka, taratibu, kwa uzito wake yenyewe. Ikishashuka vidole viwili au vitatu, iondoe na uishushe juu ya kalibu kwa mkono mmoja usiosita, na mwenzako afungue koki. Sauti ni pumzi moja fupi. Uso unatokea wote kwa pamoja: paji, pua, kidevu. Sekunde kadhaa baadaye umeshakuwa mgumu.

Ukishakikata kinyago, pima unene wake. Ncha ya pua, iliyoigusa plastiki kwanza, imebaki nene, maana ilipoa pale pale na kugoma kunyooka. Mashavuni na pembezoni, ambako shiti ilivutwa mwishomwisho, inaweza kubaki nusu ya unene wa awali au pungufu. Kwa hiyo mikanda usiifunge kwenye ukingo mtupu. Bandika kipande cha ngozi kwanza. Rangi iwe ya maji. Thina na petroli huila polistirini mpaka ikawa ute.

Kinachofuata si cha ufundi. Ni swali la uso ni wa nani. Helmeti za askari weupe wa Star Wars zilitengenezwa kwa njia hii hii mwaka 1976 na Andrew Ainsworth, Mwingereza, ambaye miaka mingi baadaye alianza kuuza nakala. Lucasfilm wakamshtaki. Julai 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba helmeti ile haikuwa sanaa ya uchongaji bali kifaa cha filamu, hivyo hakimiliki ya uchongaji ya Uingereza haikuilinda. Lakini ikaamua vilevile kwamba madai yanayotokana na hakimiliki ya Marekani yangeweza kusikilizwa Uingereza. Kila upande uliondoka na nusu. Kwetu ipo Sheria Na. 7 ya mwaka 1999 ya Hakimiliki na Hakishiriki, na ofisi ya COSOTA ya kuisimamia. Kujivutia Jason mmoja wa kujifunzia ni jambo dogo. Kumtia kwenye filamu unayoiuza ni jambo jingine, na kwa maoni yangu ni uvivu pia: unaazima sura ya mchezo wa barafu upeleke kwenye mashamba ya minazi.

Sheria hiyo hiyo inalinda pia sanaa za jadi, na hapa ndipo vijana wetu wanapojikwaa. Wanapotafuta sura ya kutisha ya nyumbani, wa kwanza kukumbukwa ni Mmakonde. Lipiko, kinyago cha ngoma ya mapiko, ni kofia ya mti mwepesi inayomeza kichwa kizima. Nywele zake ni za binadamu, zimebandikwa. Chale za usoni mara nyingi hujengwa kwa nta ya nyuki. Mdomo wa juu wa sura ya kike hubeba ndonya, pambo linalopachikwa mdomoni. Mchezaji huona kupitia mdomo wa kinyago, si macho, ndiyo maana lipiko linaonekana limeinua uso likitazama juu ya vichwa vya watu. Mwili wote unafungwa nguo, ili asiyepita jandoni asijue kuna mtu ndani. Waliobaki nje waliambiwa ni mfu aliyerudi. Myers angejifunza mengi.

Kulivuta lipiko kwa plastiki kunagoma pande mbili. Kiufundi, ndonya na masikio hujitokeza vile vile nilivyokataza, na kalibu haitachomoka salama. Na hata ukiikata vipande, utakuwa umechukua kitu chenye wenyewe na siri yake ukakifanya kifaa cha dukani. Wachongaji wenyewe walilitatua hilo kwa busara kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa, Mmakonde aliyechonga Dar es Salaam na kumuuzia mfanyabiashara Mohamed Peera, alianzisha mtindo wa shetani kwenye mpingo: viumbe wa jicho moja, wa kiungo kilichopinda, wa mdomo uliohama mahali pake. Kinyago cha jandoni kilibaki jandoni, na zimwi jipya likaenda sokoni.

Kijana wa Miburani afuate njia hiyo. Afinyange sura yake mwenyewe, butu, isiyocheka wala kununa, na akimpata mchongaji wa kumsaidia amlipe na jina lake alitie kwenye orodha ya waliofanya kazi. Aipake chokaa badala ya damu. Awape watu watano wavae sura ile ile, wasimame kimya minazini wakati wa magharibi, kamera ikae mbali. Wakiuliza sura hiyo ni ya shetani gani, asijibu. Gharama yake ni mlango mmoja wa friji na gunia la mkaa, na kalibu moja ya jasi iliyokauka vizuri hutoa makumi ya vinyago kabla haijaanza kumomonyoka.